Mnaosema "subiri kadi mpya zitoke", leo mniambie: nisubiri mpaka lini?

Wakuu, leo salamu fupi, nina hasira.

Wiki iliyopita hatimaye niliagiza RTX 5060 Ti, kadi ya michoro (graphics) ya Nvidia ya kuchezea gemu. Mzigo umefika, nafungua boksi, nakuta ni ile ya memori ya GB 8. Tangazo lilisema "5060 Ti" basi, na bei ilikuwa ya ile ya GB 16. Nampigia muuzaji, ananijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, jina si ndilo hilo hilo?" Nimeirudisha, na gharama ya kusafirisha nimebeba mimi. Kosa langu sikuuliza, nakubali. Lakini ni nani aliyeamua kadi mbili zenye memori tofauti kiasi hicho ziitwe jina moja?

Na si mara ya kwanza Nvidia kufanya hivi. GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6 zilikuwa na jina moja wakati ile ndogo ilipunguzwa hadi kwenye chipu yenyewe. Mwaka 2022 ikatangazwa RTX 4080 ya GB 12 kando ya 4080 ya GB 16, chipu tofauti kabisa. Watu walipiga kelele mpaka ikafutwa, halafu Januari 2023 ikarudi imevaa jina la 4070 Ti. Kwa hiyo wanajua. Wanajua vizuri sana.

Sasa turudi kwenu, wazee wa "subiri". Mimi natumia GTX 1060 ya GB 6, toleo la 2016. RTX za kwanza zilipotoka 2018 mkaniambia teknolojia yake ya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing) bado changa, subiri. Mwaka 2020 ikatangazwa 3080 kwa dola 699, nikakusanya hela, wachimba sarafu za kidijitali, wanaochimba kwa kadi hizi hizi, wakazikomba zote. Mkasema subiri Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iache kuchimbwa. Septemba 2022 ikaacha kweli, kadi za mitumba zikamwagika, mkanikataza tena: zimechoka hizo, zimekesha zikichimba, subiri mfululizo wa 40. Ukaja. Mkasema bei mbaya, subiri 50. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeuma miaka saba.

Hebu tazameni hesabu hii. GTX 1070 ilitoka 2016 kwa dola 379, ikiwa na GB 8. RTX 5060 Ti ya GB 8 ilitoka 2025 kwa dola 379. Miaka tisa! Ndiyo, hii mpya ina kasi kubwa zaidi, sibishi. Lakini kasi unaifanyia nini memori ikijaa? Gemu ikizidi GB 8, mzigo unaomwagika unakwenda kukaa kwenye RAM ya kompyuta, na kila ukihitajika lazima upite kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama. Hapo ndipo gemu inakwama kwama, au kuta na nyuso zinageuka uji. Na kadi hii inatumia njia 8 tu za PCIe badala ya 16. Kwenye ubao mama wa kisasa huenda usione tofauti. Wangu ni wa PCIe 3.0, toleo la zamani, yaani nina mlango mwembamba halafu nimeufunga nusu. Mtu mwenye kompyuta ya zamani, ambaye ndiye hasa mnunuzi wa kadi za daraja hili, ndiye anayeumia zaidi.

Halafu mnaniletea habari za fremu (zile picha moja moja zinazounda mwendo wa gemu) za kubuni. Januari 2025 tuliambiwa 5070 ya dola 549 inalingana na 4090. Inalingana kwa kuhesabu fremu ambazo kadi imezitunga yenyewe, hadi tatu kwa kila fremu moja ya kweli. Picha inateleza vizuri, lakini gemu inasikia mkono wako kwenye zile fremu za kweli tu. Ukiwa na fremu 25 za kweli kwa sekunde, kipanya kitakuwa kizito vile vile hata kama kona ya skrini imeandika 100. Kiini macho.

Na kusubiri tena? Tangu mwishoni mwa 2025 memori imepanda bei kwa sababu viwanda vinawahudumia kwanza wenye vituo vya akili mnemba. Desemba ya mwaka huo Micron, watengenezaji wa memori, wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wateja wa kawaida kama sisi. Huku kadi yangu nayo, tangu Oktoba 2025, haipati tena draiva (programu za kuiendesha kadi) za gemu mpya, imebakiziwa viraka vya usalama. Doom: The Dark Ages haiikubali kabisa kwa kuwa haina vifaa vya kufuatilia miale. Subira yavuta heri, yangu imevuta bei.

Nimeamua: nachukua 5060 Ti ya GB 16, safari hii nikipiga picha ya boksi kabla ya kulipa. RX 9070 XT ya AMD ningeitaka, ila inataka umeme mwingi, pawasaplai yangu ni ya wati 500 na sina nguvu ya kubadili kila kitu.

Mwenye ubao wa PCIe 3.0 aliyeifunga hii ya GB 16 aje aniambie inavyokwenda kwenye skrini ya 1080p. Unayekuja kuniandikia "subiri mfululizo ujao", andika na tarehe, na bei, na uahidi utanilipia tofauti.