Hukumu ya kesi ya Mombasa imeingiaje katika kesi yangu ya kiwanja Malindi?

Bint Barani, Malindi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na marehemu mume wangu tulinunua kiwanja karibu na ufuo, tukafanya sachi, yaani kupekua kumbukumbu za umiliki, katika ofisi ya ardhi na tukapewa hatimiliki. Sasa nimeshtakiwa na majirani wanaodai kwamba sehemu ya kiwanja hicho ilitengwa zamani kuwa njia ya umma ya kwenda baharini. Wakili wao anaegemea hukumu ya mwaka 2023 kati ya kampuni moja na Kaunti ya Mombasa, watu nisiowajua kabisa. Je, kesi ya wengine yaweza kuninyang'anya haki yangu? Na nikishinda, ndiyo yamekwisha?

Karani Mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam, dada yangu. Hukumu hiyo ni ya Mahakama ya Juu ya Kenya, iliyo juu ya zote, na kwa mujibu wa Kifungu cha 163(7) cha Katiba, mahakama nyingine zote zinafungwa na maamuzi yake. Kampuni ile ilikuwa na hati ya ardhi ya ufuoni Nyali, na kaunti ikabomoa ukuta wake mwaka 2017. Majaji waliona kwamba ardhi hiyo ilikuwa uwanja wa umma, hivyo ugawaji wa kwanza ulikuwa batili, na ubatili huo ukamfuata kila aliyeinunua baadaye, hata kama yeye mwenyewe hakumdhulumu mtu.

Kwa hiyo kinachokufikia ni kanuni, si hukumu yenyewe. Majirani bado wana mzigo wa kuthibitisha kwamba pale pako njia ya umma, na ramani ya upimaji ndiyo itakayosema. Nawe usitegemee sachi peke yake, kwa kuwa sachi humtaja mwenye ardhi wa leo bila kueleza aliipataje yule wa mwanzo. Tafuta barua ya ugawaji na faili la zamani. Muulize pia wakili wako kama aliyewauzia ninyi kiwanja anaweza kuunganishwa katika kesi, kwani ukipoteza kiwanja, fedha zako utazidai kwake.

Nahodha wa Amu, Lamu
Nami nijibu hilo la kushinda. Sisi wavuvi tulikwenda mahakamani mwaka 2012 kwa sababu ya bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Siku ile watu walishangilia, wengine wakaanza kukopa wakitumaini malipo. Kisha ikaja rufaa, na baada yake mazungumzo marefu, hata tukafikia mapatano ambayo sehemu kubwa yake ni vyombo na zana za uvuvi, si fedha taslimu. Usikope kwa hukumu, mama.

Karani Mstaafu, Malindi
Nahodha asema kweli, ila yale yalikuwa madai ya fidia dhidi ya taasisi za serikali, nayo huwa na njia yake ya kulipwa. Katika kesi ya kiwanja, amri, kwa mfano ya kubomoa ukuta, yaweza kutekelezwa upesi sana, kwa sababu kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji. Ni lazima uombe amri ya kuusimamisha. Kama kesi iko kwa hakimu, una siku 30 za kukata rufaa. Kama iko katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ilani ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, huwasilishwa ndani ya siku 14.

Bint Barani, Malindi
Ahsanteni. Kesi iko kwa hakimu. Kesho nitaanza na ramani.