Nimelipia alaimenti mara tatu, na hakuna aliyegusa kasta wala kemba

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu naamini wenye magari wengi wanafanyiwa haya bila kujua.

Ndani ya miezi mitano nimepeleka gari langu gereji ileile mara tatu kwa tatizo lilelile: nikilegeza mikono kwenye usukani, gari linavuta kushoto. Mara zote tatu nilitozwa alaimenti kamili, yaani kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu, na mara zote nilirudishiwa gari ambalo usukani wake umekaa katikati vizuri, lakini bado linavuta. Nilipolalamika niliambiwa kwamba barabara imelala upande mmoja. Ni kweli barabara hulazwa ili maji yatiririke, ila nimelijaribu pia kwenye uwanja tambarare, na huko nako lilivuta kushoto. Wiki iliyopita nilipitisha kiganja nyuma ya tairi la mbele la kulia, ule upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama, nikachomwa na ncha za waya. Upande wa nje wa tairi hilohilo bado una meno marefu.

Ndipo nilipozitandaza mezani karatasi tatu zilizochapwa na mashine yao. Zina vipimo viwili vya mlalo vinavyohesabiwa kwa digrii, kemba na kasta, ambavyo nitavieleza hapa chini. Kwenye ile ya kwanza, kemba ya kushoto ni hasi 0.4 na ya kulia ni hasi 1.8, ilhali kasta ya kushoto ni 3.1 na ya kulia ni 4.2. Kemba ya kulia na kasta ya kushoto zilikuwa nyekundu, yaani nje ya kiwango, kabla ya kazi, na zikabaki nyekundu baada ya kazi. Kilichogeuka kuwa kijani ni tou peke yake, yaani kipimo cha jinsi magurudumu yanavyofumba au kufumbua kwa mbele ukiyatazama kutoka juu, ambacho hurekebishwa kwa kuzungusha rodi za stelingi. Hiyo ndiyo kazi niliyofanyiwa mara tatu na kuitwa alaimenti kamili.

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Gurudumu likilalia ndani kwa juu, kemba ni hasi, na ikizidi kiwango, tairi huliwa upande wa ndani, kama langu lilivyoliwa. Kasta ni ngumu zaidi kuielewa, kwa sababu ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata kona, ukiutazama kutoka ubavuni mwa gari. Mhimili huo ukilalia nyuma kwa juu, kasta ni chanya, na ndiyo inayourudisha usukani wenyewe baada ya kona na kulituliza gari kwenye mwendo mkubwa. Kasta peke yake haili sana tairi, kwa hiyo fundi anaweza kuiacha ilivyo na mteja asione dalili yoyote kwenye mpira. Lakini gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo, na vilevile kuelekea upande ambao kemba yake ni chanya zaidi. Kwa magari mengi, tofauti inayovumilika kati ya kulia na kushoto ni kama nusu digrii. Yangu ni 1.1 kwa kasta na 1.4 kwa kemba, na zote mbili zinavuta kushoto! Jibu la malalamiko yangu lilikuwa kwenye karatasi yao wenyewe tangu siku ya kwanza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kasta haipimwi gurudumu likiwa limenyooka. Ni lazima magurudumu yakatwe kushoto na kulia, kwa kawaida digrii 20 kila upande, yakiwa juu ya sahani zinazozunguka. Walifanya hivyo mara ya kwanza tu. Kwenye karatasi ya pili na ya tatu nafasi ya kasta iko tupu.

Nilipowauliza, walinijibu kwamba gari langu halina marekebisho ya kasta na kemba. Magari mengi kweli hutoka kiwandani bila marekebisho hayo, lakini basi namba ikiwa nyekundu maana yake kuna kitu kimepinda, kimechakaa au kimefungwa vibaya, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Fundi mwingine aliingia chini ya gari kwa dakika kumi, akanionyesha bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya mkono wa chini wa kushoto, ule unaoshikilia gurudumu kwenye bodi, ikiwa imechanika, na boliti mbili zinazoifunga shokapu ya kulia kwenye chuma kinachobeba gurudumu, ambazo zilikazwa gurudumu likiwa limelalia ndani. Hayo yakishatengenezwa hukaguliwa kasta, kisha kemba, na tou huja mwisho, kwa kuwa ukigusa kemba tou nayo inahama. Kwa hiyo hata ile kazi moja waliyoifanya lazima irudiwe.

Ninadai fedha za mara ya pili na ya tatu, pamoja na gharama ya tairi. Aliyewahi kudai namna hii akasikilizwa, naomba anieleze alianzia wapi. Karatasi zote tatu ninazo, na tairi sijalitupa.