Gari zito, breki zinashika, fundi anauza plagi: tabia hii ikome

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Gari langu lilianza kuwa zito. Unakanyaga mafuta, linajivuta. Ukiachia, mwendo unakufa papo hapo. Nikalipeleka gereji. Fundi hakuinama hata kutazama matairi. Alisikiliza injini kidogo, akatingisha kichwa: "Bosi, plagi zimechoka hizo, na injekta zinataka kusafishwa." Plagi zikabadilishwa, injekta zikasafishwa, gari likabaki vilevile. Ikafuata pampu ya mafuta. Baada ya pampu nikaanza kusikia habari za giaboksi, nikaondoka na gari langu. Fundi mwingine akalipiga jeki, akazungusha magurudumu kwa mkono, na ugonjwa ukaonekana: mpira wa breki wa mbele kushoto, yaani ule mrija wa mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Pesa yote ile ya plagi na pampu, kumbe ni mpira!

Kinachoniuma ni kwamba kipimo cha kwanza hakihitaji mashine wala kompyuta. Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, kimbiza kwa mwendo wa wastani, weka gia fri, injini ikiwa inaunguruma, uliache libingirike. Likipoteza mwendo haraka, kuna kitu kimeshika magurudumu: breki, handibreki, beringi, au matairi hayana upepo wa kutosha. Likibingirika vizuri ila halina nguvu ukikanyaga mafuta, hapo ndipo uniambie habari za injini, klachi au giaboksi. Fundi anayeruka hatua hii anabahatisha, na anayelipia kubahatisha kwake ni mimi.

Kipimo cha pili: endesha kidogo bila kukanyaga breki sana, simama, kisha pitisha kiganja karibu na kila rimu. Usiguse, diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) iliyoshikwa inaunguza vibaya. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, au ukisikia harufu ya kuungua, umeshajua pa kuanzia. Piga jeki, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono likiwa fri. Pedi, zile zinazobana diski ukikanyaga breki, kuikwaruza kidogo ni kawaida. Gurudumu kugoma kuzunguka si kawaida hata kidogo.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, na ndilo lingeniokoa. Gurudumu likiwa limekaza, legeza ile nipo (skrubu ndogo) ya kutolea upepo kwenye kalipa, kifaa chenye pistoni kinachosukuma pedi. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likalegea, maana yake kulikuwa na presha iliyonaswa, na mkosaji yuko kabla ya kalipa: mpira wa breki au masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Nipo ikiwa wazi na gurudumu bado limekaza, basi kalipa yenyewe ndiyo mgonjwa: pistoni imeshika kutu, au pini zake zimekauka hazitelezi. Kwa magurudumu ya nyuma, cheki pia kebo ya handibreki kama inarudi.

Mpira wa breki unadanganya kwa sababu unaharibikia ndani. Kwa nje unaonekana mzima kabisa. Ndani umevimba au umechanika ngozi, njia imeziba. Mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, lakini ukiachia pedali hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha, kwa hiyo pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski. Fundi asiyepima atakuuzia kalipa mpya, ataifunga kwenye mpira uleule mbovu, na breki zitashika tena. Halafu atakwambia kalipa uliyonunua ni feki!

Zikishika za mbele zote mbili, au zote nne, acha kuhangaika na kalipa mojamoja. Legeza nati zinazofunga masta silinda kwenye sevo (ile inayoongezea mguu wako nguvu), uivute masta mbele kidogo. Magurudumu yakiachia, fimbo ya sevo inayosukuma masta imebana na haiachi masta irudi mwisho wake, kwa hiyo mafuta hayana njia ya kurudi kwenye chupa.

Na hapa ndipo hasira yangu inapozidi: kuna watu wanajazia mafuta ya injini au ya stelingi kwenye chupa ya breki! Mafuta hayo yanavimbisha mipira ya kuzuia kuvuja (sili) ya mfumo mzima, na breki zote zinaanza kushika. Kifuniko cha chupa kimeandikwa aina ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, kisomeni. Vivyo hivyo kwenye pini za kalipa: zinataka grisi ya breki, ya silikoni au sintetiki, si ile ya beringi inayoharibu mipira yake.

Msiseme breki kushika ni suala la gari kula mafuta mengi tu. Breki iliyoshika inapasha moto mafuta ya breki. DOT 3 mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka; ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka, pedali inazama na gari halisimami. Ukishuku breki inashika, usiingie nalo safari ndefu.

Kama gari linabingirika vizuri ila limekosa pumzi, masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi, katalitiki) yanaweza kuwa yameziba. Hata hapo kuna kipimo: toa sensa ya oksijeni ya mbele kwenye ekzosi, funga geji ya presha mahali pake, pandisha injini hadi mizunguko 2500 kwa dakika. Presha ikipita takribani psi 3, njia ya moshi imebanwa. Namba inaonekana, hakuna haja ya kukisia.

Mwenye gari zito sasa hivi aandike hapa: likiwa fri linabingirika au linagoma, rimu ipi ina moto, na ukifungua nipo gurudumu linaachia au la. Na mafundi mliomo humu, nataka mnijibu: kwa nini mteja anauziwa plagi kabla gari halijapigwa jeki?