Bomba la mafuta linapita karibu na kisima cha nyumbani, je sumu ya risasi itaingia kwenye maji?

Kijana_wa_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Mimi niko hapa Mwanza ila nyumbani ni Geita vijijini na lile bomba la Hoima mpaka Tanga linapita sio mbali sana na kwetu. Sasa kuna klipu inazunguka wasapu ya Nigeria, mto mweusi tii, samaki wanaelea, jamaa anasema watu wana risasi (ile metali, sio ya bunduki) na kadmiamu kwenye damu, bimkubwa kaiangalia mara tatu basi usingizi hana, kila siku ananipigia eti tuchimbe kisima kingine. Kisima chetu ni cha kuchimba kwa mkono, kiko bondeni, juu yake kidogo kuna jirani kafunga karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Swali, hizo metali za mafuta zinaingiaje kwenye maji? Na tukichemsha si zinaisha?

Kamanga_Feri:
Mkuu hiyo bila shaka ni Niger Delta. Pale Ogoni UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti 2011, visima vya kunywa vya Nisisioken Ogale vilikutwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO. Lakini benzini sio metali, hiyo imo kwenye mafuta yenyewe na inaleta saratani ya damu. Metali nazo zipo, mafuta ghafi yana nikeli na vanadiamu kwa asili yake, halafu yale maji ya chumvi yanayopanda na mafuta pamoja na tope la kuchorongea ndio yanaweza kubeba bariamu, risasi na wenzao. Ila hayo yanatoka kwenye visima vya mafuta na visima viko Uganda huko Ziwa Albert, kwetu linapita bomba tu, km 1,443 mpaka Chongoleani. Likipasuka ni balaa sikatai, ingawa mafuta yale yana nta nyingi yakipoa yanaganda ndio maana bomba linapashwa moto njia nzima.

Marudio2:
Dogo umesema karasha halafu ukapita kama hujasema kitu 😂

Nigeria hiyohiyo, Zamfara, 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi na kule hakuna hata tone la mafuta, ilikuwa dhahabu. Mawe yao yalikuwa na risasi wakawa wanasagia majumbani, vumbi likatua kwenye vyakula na uwanjani watoto wanapocheza. Sisi huku tatizo letu kubwa ni zebaki. Nimefanya kazi hiyo miaka sita, unakamatisha dhahabu kwa zebaki, unakamua kwenye kitambaa, kile kidonge unachoma kwenye kikaango na moshi unaupokea wewe mwenyewe, wala huusikii harufu. Tulikuwa tunakunywa maziwa tukijua yanasafisha. Broo wangu leo ukimpa chai unamjazia kikombe nusu, kikijaa kinamwagika chote mkono haumtulii.

Kijana_wa_Igoma:
Duh. Mjomba anachomea nyuma ya jiko la mama.

nesi_kanda_ya_ziwa:
Basi huyo mjomba ahame leo sio kesho, na kama kuna mjamzito au watoto hapo wasikae karibu kabisa. Maziwa ni chakula tu hayatoi zebaki. Kuchemsha ndio kabisa, maji yanapungua metali inabaki palepale kwa hiyo unaizidisha, na klorini inaua vijidudu tu. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya ziwa iko hapahapa Mwanza, nenda uulize utaratibu wa sampuli na uwatajie zebaki na risasi kwa majina, ukisema tu "nipimieni maji" unaweza kupewa majibu ya vijidudu ukarudi nyumbani unafurahi. Mjomba zebaki ya moshi inaonekana kwenye mkojo, risasi ni damu. Mtoto mwenye risasi humjui kwa macho, unaona tu darasani hashiki kitu anaishia kuchapwa.

Na dada zangu msicheke mkadhani mambo haya ni ya wachimbaji tu, watafiti wa Japani walipima nywele za watu huku kwetu miaka ya 90, wenye zebaki nyingi kupindukia walikuwa watumiaji wa sabuni za kujichubua.

Sato_Choma:
Na sangara je, tuache?

nesi_kanda_ya_ziwa:
Hapana kula. Samaki wa ziwa vipimo vingi vilikuta wako chini ya kikomo cha WHO. Ila samaki mla wenzake akiwa mkubwa anakusanya zaidi, mjamzito ale dagaa na sato.

Kijana_wa_Igoma:
Asanteni. Nimempigia mama, habari ya karasha kaelewa haraka, ya kikaango akanyamaza kwanza, halafu ananiambia kile kikaango mjomba akimaliza anakirudisha jikoni. Kesho asubuhi navuka Busisi.