SRT, FEC au RTMP: kipi kinazuia chenga ukirusha harusi mubashara kutoka Mikindani?

Fundi_wa_Shangani
Wakuu, salaam. Narusha shughuli mubashara: harusi, maulidi, mara mojamoja mechi pale Nangwanda Sijaona. Jumamosi ya wiki ijayo nina harusi Mikindani, na ndugu wa bibi harusi wapo Muscat, wataangalia kwenye simu. Harusi iliyopita, Lindi mjini, nilituma kwa UDP tupu (inatuma data bila kuhakikisha imefika) mpaka seva niliyokodi Dar. Bwana harusi anaingia ukumbini, uso ukageuka vigae. Lawama zote kwangu. Sasa nirudi RTMP (njia ya zamani ya kurusha video), niwashe FEC (kutuma data ya akiba ya kuziba inayopotea), au nihamie SRT (inaomba iliyopotea itumwe upya)? Laini yangu ya simu ikitulia inapandisha megabiti 3 kwa sekunde.

Mwana_Mikindani
RTMP tu kaka, usijipe tabu. Mimi chenga sijawahi kuziona.

Bi_Mitambo
Huwezi kuziona, mdogo wangu. RTMP inapita juu ya TCP, na TCP, tofauti na UDP, hairuki pakiti, yaani kipande cha data: ikipotea moja, zote za nyuma yake zinasubiri itumwe upya. Badala ya vigae unapata kuganda, halafu programu inaanza kutupa fremu.

Mwana_Mikindani
Hapo kwenye kuganda umenipata dada. Mwezi uliopita keki ilikatwa watu wanaangalia kisu kimesimama hewani.

Korosho_Digital
Fundi, washa FEC. Unachukua pakiti 10, unazipigia hesabu ya XOR, unapata ya 11 ya akiba. Ikipotea moja yoyote, seva inaikokotoa kutokana na zilizobaki bila kukuomba chochote.

Bi_Mitambo
Zikipotea mbili kwenye kundi hilo, imekula kwako. Na mtandao wa simu haupotezi mojamoja, unapoteza kwa mkupuo.

Korosho_Digital
Ndiyo maana kuna jedwali. Panga pakiti 100, mistari 10 kwa safu 10, kila safu ya wima na akiba yake. Zikipotea 10 mfululizo, kila safu imepoteza moja tu, zote zinarudi. Gharama asilimia 10. Ukiongeza akiba za mlalo, 20.

Bi_Mitambo
Hesabu ni nzuri, tuiendeleze. Video ya megabiti 2 kwa pakiti za baiti 1316 ni kama pakiti 190 kwa sekunde. Pakiti 10 ni milisekunde 53 tu! Laini ikizimia theluthi ya sekunde, zimekwenda zaidi ya 60, na jedwali lako halifui dafu. Halafu akiba inalipwa muda wote, hata mtandao ukiwa mzuri. Kama pakiti zinapotea kwa sababu njia imejaa, wewe unazidi kuijaza.

SRT, ambayo Haivision waliiachia huria 2017, inaomba zilizopotea tu. Sharti lake ni muda wa kusubiri. Chaguo-msingi ni milisekunde 120, kidogo mno kwa laini ya simu. Pima ping ya seva yako (muda wa data kwenda na kurudi), zidisha mara nne, huo ndio muda wa kuweka. Kwa harusi mimi ningeweka sekunde 2 nilale usingizi. Shangazi wa Muscat anapokea kwa HLS, video inayokuja vipande vipande, yuko nyuma sekunde kadhaa hata hivyo.

Korosho_Digital
Nakubali kwa harusi. Ila kwa setilaiti zile za mbali sana angani, ping inazidi nusu sekunde, au mahojiano ya kujibizana, kusubiri pakiti irudiwe ni mateso. Hapo FEC bado ina kazi. SRT yenyewe tangu toleo la 1.4 inaweza kuwa na vyote viwili.

Mzee_wa_Antena
Mnasahau ukumbi. Wageni wote wako kwenye mnara mmoja, kila mtu anarusha video yake. Teremsha mpaka megabiti 1.5 na modemu itoe nje ya bati. Hayo kwanza, itifaki baadaye.

Fundi_wa_Shangani
Shukrani wakubwa. Leo jioni nimejaribu SRT kutoka ukumbini Mikindani, modemu dirishani, megabiti 1.5. Mwanzo chenga zilikuwa palepale, nikataka kumlaumu Bi_Mitambo. Kumbe kwenye anwani ya OBS (programu ninayorushia) latency, ule muda wa kusubiri, inaandikwa kwa maikrosekunde: niliweka 2000, yaani milisekunde 2, ikashika ile 120 ya seva. Nimeandika 2000000, dakika 40 bila kigae hata kimoja. Ukumbi ulikuwa mtupu lakini.

Mzee_wa_Antena
Basi teremsha hadi 1.2 siku yenyewe. Na weka laini ya pili mfukoni.