Naomba ushauri: lakabu za Kamailio zilizo kwenye hifadhidata zinapeleka simu kusikostahili

Msimamizi_Seva:

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninasimamia seva ya Kamailio (programu ya kuelekeza simu za mtandaoni kwa itifaki ya SIP) inayohudumia vikoa viwili, example.com na example.org, na akaunti zote zimo kwenye hifadhidata ya MySQL. Kila mtumiaji amesajiliwa kwa tarakimu, kwa mfano 1042, lakini wapigaji hawawezi kukariri tarakimu za watu wote, ndiyo maana ninataka kila mtumiaji awe na lakabu moja au zaidi, yaani jina lake na pengine jina la kazi yake kama vile "mapokezi". Nimepakia moduli ya alias_db, inayotafsiri lakabu kuwa akaunti halisi, nimejaza jedwali la dbaliases, na sehemu husika ya skripti iko hivi:

```
alias_db_lookup("dbaliases");
if (!lookup("location")) {
    sl_send_reply("404", "Hayupo");
    exit;
}
```

Mambo mawili yananitatiza. La kwanza, anayepiga mapokezi@example.org anaitikiwa na mapokezi wa example.com. La pili, baadhi ya lakabu za example.com hurudisha jibu la 404 (hapatikani) ilhali mtu yuleyule akipigiwa kwa tarakimu zake simu inaita bila shida. Naomba pia kujua kama inafaa kuendelea na alias_db au nihamie kwenye lakabu za usrloc (moduli inayotunza usajili wa simu) zinazokaa kwenye kumbukumbu ya seva.

Fundi_Mitandao:

Mkuu, mpangilio wako ni sahihi, kwa sababu lakabu lazima itafutwe kabla ya lookup("location"), inayotafuta mahali simu ya mtumiaji iliposajiliwa. Kazi ya alias_db ni kubadilisha anwani ya ombi tu: inachukua anwani iliyopigwa, inaitafuta kwenye safu za alias_username na alias_domain, kisha inaandika mahali pake anwani inayoundwa na safu za username na domain. Kama simu ya mtumiaji imewashwa au imezimwa, hilo ni jambo la lookup, wala alias_db haihusiki nalo.

Tatizo lako la kwanza linatokana na kigezo cha use_domain, ambacho thamani yake ya awali ni 0. Kikiwa 0, moduli inatafuta kwa alias_username peke yake na kupuuza kikoa, kwa hiyo "mapokezi" wa vikoa vyote viwili huonekana kuwa lakabu moja, na safu mlalo inayotangulia kurudi kutoka kwenye hifadhidata ndiyo inayotumika. Weka hivi:

```
modparam("alias_db", "use_domain", 1)
```

Usiishie hapo. Moduli ya usrloc nayo ina kigezo cha use_domain, na vyote viwili vinapaswa kukubaliana. Ukiwasha cha alias_db na kukiacha cha usrloc, 1042 wa kikoa kimoja na 1042 wa kikoa kingine watachanganywa kwenye usajili hata kama lakabu zimetafsiriwa sawasawa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu simu ya mtu kumfikia mtu wa taasisi nyingine ni uvunjaji wa faragha, si hitilafu ya kiufundi tu. Vilevile hakikisha append_branches imebaki 0 mpaka utakapokuwa na uhakika, maana ikiwa 1 huku kikoa kinapuuzwa, simu moja itaita kwa mapokezi wote wawili kwa pamoja.

Mpangaji_Jedwali:

Kuhusu 404, naomba utazame safu ya domain, ile ya upande wa akaunti halisi na si ya upande wa lakabu. Mara nyingi safu mlalo huingizwa kwa skripti inayoandika anwani ya IP ya seva badala ya jina la kikoa. Ikiwa usrloc inazingatia kikoa, basi 1042@192.0.2.10 na 1042@example.com ni watumiaji wawili tofauti, na huyo wa kwanza hajasajiliwa popote. Weka mstari wa xlog (wa kuandika kwenye kumbukumbu za seva) unaochapisha $ru, yaani anwani ya ombi, kabla na baada ya alias_db_lookup, nawe utaona anwani halisi inayokabidhiwa lookup. Amri ya kamctl alias_db show nayo itakuonyesha lakabu inaelekezwa wapi.

Kuna sababu nyingine inayojificha zaidi. Mtumiaji akiandika lakabu yake kwenye simu kama jina la akaunti, usajili huhifadhiwa kwa jina lililo kwenye kichwa cha To cha ombi la usajili, na alias_db haigusi kichwa hicho. Simu yake itakuwa imesajiliwa kwa lakabu, ilhali kila anayempigia anageuzwa kwenda 1042. Kwa hiyo usajili ufanyike kwa jina halisi tu. Ukitumia auth_check (kitendakazi cha kuhakiki nywila) yenye alama ya 1, seva itakataa usajili ambao jina la uthibitishaji halilingani na To, na mlango huo utafungika.

Mkongwe_wa_SIP:

Nijibu swali la usrloc. Ningebaki na alias_db. Haina kashe; kila ombi huuliza hifadhidata, na kwa hiyo lakabu unayoiongeza au kuifuta inafanya kazi papo hapo bila kuwasha seva upya. Gharama yake ni kwamba mchakato wa Kamailio unaoshughulikia ombi husubiri jibu la MySQL. Kwa mujibu wa RFC 3261 ya mwaka 2002, yaani waraka wa kiwango cha SIP, simu inayotumia UDP (usafirishaji usiothibitisha kupokelewa) isipopata jibu lolote kwa milisekunde 500 huituma INVITE, yaani ombi la kuanzisha simu, upya, kisha muda huo huongezeka maradufu kila mara. Hifadhidata ikilegea, maombi yanayojirudia huzidi kuilemea seva. Faharasa ya alias_username pamoja na alias_domain iwepo, na hifadhidata iwe karibu na seva.

Usiiite alias_db_lookup kwa kila ombi. BYE (ombi la kukata simu) na mengine yaliyo ndani ya mazungumzo yaliyokwisha kuanza yapite kwenye loose_route (kitendakazi kinachofuata njia iliyokwisha kuwekwa), kwa kuwa yamebeba anwani ya Contact, yaani ya simu yenyewe, ambayo haihitaji lakabu.

Msimamizi_Seva:

Nawashukuru sana. Baada ya kuweka use_domain kuwa 1 kwenye moduli zote mbili na kuwasha seva upya, kila mapokezi anapata simu zake. Lakabu zilizorudisha 404 zote zilikuwa na anwani ya IP kwenye safu ya domain, na sasa zinaita. Limebaki moja: 1042 anapopiga, je, anayepigiwa anaweza kuonyeshwa lakabu badala ya tarakimu?

Fundi_Mitandao:

Inawezekana. Tumia alias_db_find yenye alama ya "r", inayotafuta kinyume kutoka akaunti halisi kwenda lakabu, kisha matokeo uyaweke kwenye kichwa cha P-Asserted-Identity (utambulisho wa mpigaji unaothibitishwa na seva) badala ya kubadilisha From, kichwa cha mpigaji kinachoandikwa na simu yenyewe. Fanya hivyo baada ya mpigaji kuthibitishwa kwa nywila, na kwanza ufute kichwa hicho endapo kimeletwa na simu yenyewe. Mtumiaji mwenye lakabu kadhaa atahitaji uamuzi wako kuhusu ipi ionyeshwe. Mimi ningetenga jedwali la pili lenye lakabu moja kwa kila akaunti, kwa sababu jina la jedwali ni hoja ya kwanza ya alias_db_find na unaweza kuipa lolote.

Msimamizi_Seva:

Nitatenga jedwali hilo. Lakabu ya kuonyeshwa itakuwa jina la mtu, na majina ya kazi yatabaki kwenye dbaliases kwa ajili ya simu zinazoingia.