Nimeshushwa kwenye ndege ya Mafia NIKIWA NIMESHAFUNGA MKANDA

Wakuu, naandika huku natetemeka. Wale jamaa wa vindege vya mbugani na visiwani, mnawajua, leo wamenishusha. Nimeshafunga mkanda!

Pale Terminal One ya uwanja wa Dar walinipandisha kwenye mizani mimi na begi langu mbele za watu kama gunia la korosho. Nikavumilia. Begi halijafika hata kilo 15 zao. Nimepanda, nimekaa, nimefunga mkanda, rubani kashavaa vidude vya masikioni. Mara kijana wa kizibao cha njano anachungulia, kidole hiki hapa usoni kwangu: "Dada wa kitenge, teremka, ndege nzito."

Nzito! Nyuma yangu kuna watalii wawili wanaenda kuogelea na papa potwe, kamera zao tu zinazidi uzito wa ukoo wangu mzima. Hawakuguswa. Kidole kimekuja kwangu.

Najua hicho kindege, Caravan, ni injini moja, uzito haujadiliwi. Mizani si mlikuwa nayo? Mtu kashafunga mkanda! Nikamwambia nawahi arobaini ya baba yangu Kilindoni. Kanijibu, "Kuna ya kesho." Arobaini ya mzazi inasogezwa kesho?

Mtoto wa Kirongwe: Pole sana dada. Hao msimu wa papa potwe ukianza, mwenyeji ni mzigo.

Kipanga: Weka picha tuone kama kijana alikosea 😂😂

Mwanahawa: Ungeshuka Nyamisati ukapanda boti kama sisi wengine.

Baharia Mstaafu: Boti ipi? Juzi tumekaa Nyamisati tunasubiri maji yajae mpaka watoto wamelala juu ya mizigo. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa uzi.

Mpemba Halisi: Nyie mna nafuu. Mimi nimeshuka Chake, sanduku limebaki Unguja na kanzu ya harusi ya mdogo wangu imo ndani.

Dereva wa Kisongo: Njooni huku. Mgeni wangu wa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kateremshwa Seronera katikati ya mbuga, nimeambiwa mimi ndiye nimfuate na gari.

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeshushwa nimeshafunga mkanda! Baba yangu anasomewa bila mimi!

Kipanga: Mpemba, kanzu ilipatikana?

Mpemba Halisi: Ilikuja, harusi ishapita. Bwana harusi kavaa ya shemeji, inaishia magotini.

Baharia Mstaafu: Hapo na boti zenu za Unguja hujazitaja.